Shahada ya uchumi wa kilimo: Inalipa, au ni karatasi ya kutundika ukutani?

MWEZI uliopita dada yangu, ambaye anafanya biashara ya maharage na mahindi kati ya Manyovu na Makamba, alinipigia simu akanitaka nifike kwake siku ya Jumamosi bila kukosa. Nilidhani kuna msiba. Nilipofika nilikuta kikao: yeye, mumewe, wazee wawili wa ukoo, na kijana wao wa kwanza ambaye ameomba nafasi ya kusoma uchumi wa kilimo huko Morogoro. Mezani kulikuwa na karatasi ya gharama, na pembeni yake karatasi ya shamba.

Shamba hilo ni nusu tu ya lile ambalo baba yetu aliliacha mwaka 1972 alipokimbilia Tanzania. Tuliporejea mwaka 2009 tulikuta watu wanaishi humo, tukashauriana, tukagawana nao. Nusu hiyo ndiyo iliyotakiwa kuuzwa ili kijana aende chuo. Dada yangu akanigeukia akasema: "Kaka, wewe ndiye mwalimu. Hicho kisomo kinalipa au hakilipi? Niambie leo, mnunuzi anakuja Jumanne."

Ndugu msomaji, swali hilo si la dada yangu peke yake. Ninalisikia kila mwaka kutoka kwa wazazi waliorejea kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kutoka kwa waliorejea baada ya kambi ya Mtabila kufungwa mwaka 2012, na kutoka kwa wafanyabiashara wa Mugina, Kobero na Rusumo. Wote wana pesa kidogo, mtoto mwenye akili, na hofu ya kukosea. Ndiyo maana nimeona niandike hapa yale niliyoyasema katika kikao kile, pamoja na yale ambayo sikuweza kuyasema kwa sababu ya muda.

Ni kisomo cha namna gani?

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi wakisikia "kilimo" katika jina la shahada, wanamwona kijana wao akirudi kuwa bwana shamba, amevaa buti, anafundisha watu nafasi ya kupandia mahindi. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini ni fani nyingine. Mchumi wa kilimo anasomea kile kinachotokea kabla ya jembe kuingia ardhini na baada ya mazao kutoka shambani: gharama, bei, mikopo, maghala, usafirishaji, kodi, mikataba, na sera za serikali. Humo ndani kuna hesabu na takwimu nyingi kuliko mbolea.

Katika ukanda wetu si fani mpya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki Aprili mwaka huohuo. Lakini mizizi yake ni chuo cha kilimo kilichoanza Morogoro mwaka 1965. Egerton nchini Kenya ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu mwaka 1987. Makerere ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1922, nayo ina mafunzo ya biashara ya kilimo. Chuo cha ushirika cha Moshi kilianza mwaka 1963 na kupanda hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina kitivo cha kilimo, na Chuo Kikuu cha Ngozi kipo tangu mwaka 1999. Kwa hiyo tatizo si kukosa mahali pa kusoma. Tatizo ni kujua unanunua nini kwa pesa yako.

Baba alijua kulima, hakujua bei

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Kule Ulyankulu, mkoani Tabora, baba alilima tumbaku. Alikuwa mkulima hodari. Majani yake yalikaushwa vizuri na kufungwa vizuri. Lakini siku ya soko alisimama kando kama mgeni. Mtu mwingine alipanga daraja la tumbaku yake, mtu mwingine alisoma mizani, mtu mwingine alikata deni la pembejeo. Baba aliondoka na karatasi asiyoielewa, na pesa aliisubiri miezi. Kuna mwaka alilima zaidi ya mwaka uliotangulia na kupata kidogo zaidi. Alisema ni bahati mbaya.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na sikuwa na jibu la kumpa. Leo najua kwamba haikuwa bahati. Mazao yanapokuwa mengi sokoni, bei hushuka mara nyingi kuliko kiwango cha mazao kilivyoongezeka, kwa sababu watu hawali ugali mara mbili eti kwa kuwa mahindi ni rahisi. Jambo hili wachumi wamelijua kwa zaidi ya miaka 300. Mkulima anayelijua hujiuliza jirani zake wote wamepanda nini kabla yeye hajapanda. Asiyelijua hujilaumu, au humlaumu Mungu.

Hesabu tatu za mpakani

Dada yangu alisema: "Sawa, lakini mimi nimefanya biashara miaka 15 bila shahada." Ni kweli, na simdharau. Wafanyabiashara wetu wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Lakini nilimwomba tufanye hesabu tatu pamoja. Bei ninazotumia ni za mfano tu, weka zako.

Ya kwanza ni maji. Mahindi yanayouzwa mapema baada ya mavuno yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 20. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ndani yake kuna kilo 80 za mahindi makavu kabisa na kilo 20 za maji. Ukiyakausha hadi asilimia 13.5 utabaki na kilo 92.5. Kilo 7 na nusu zimepaa na jua. Kama ulinunua kwa shilingi 700 kwa kilo, ukweli ni kwamba umenunua kwa shilingi 757. Na usipoyakausha, yataota ukungu ghalani, na huko ndiko inakotoka sumukuvu.

Ya pili ni rumbesa. Gunia linahesabiwa kuwa kilo 100, lakini limeshonewa kilemba juu, lina kilo 120. Mkulima anayeuza magunia kumi ya namna hiyo ametoa kilo 200 bure. Kwa maharage ya shilingi 1,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 200,000, yaani ada ya mtoto. Sheria ya vipimo nchini Tanzania inakataza rumbesa, na bado ipo, kwa sababu mkulima hana mizani na mnunuzi anayo. Mwenye mizani ndiye anayepanga bei hata asipotamka bei.

Ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha dada yangu. Yeye hununua mahindi wakati wa mavuno, huyaweka miezi mitano, kisha huyauza bei ikipanda. Tuseme ananunua kwa 600 na kuuza kwa 900. Kwake hiyo ni faida ya 300 kwa kila kilo. Nikamuuliza pesa ya kununulia inatoka wapi. Akasema anakopa, asilimia 3 kwa mwezi. Miezi mitano ni 90 juu ya kila kilo. Mfuko mzuri wa kuhifadhia na nafasi ya ghala, tuseme 50 kwa kilo. Sasa gharama ni 740. Tena wadudu na panya wamekula kilo 5 katika kila 100, kwa hiyo gharama ya kila kilo inayofika sokoni ni 740 kugawa kwa 0.95, yaani 779. Faida yake ni 121, si 300. Bado hatujaweka nauli, ushuru na siku zake mwenyewe.

Dada yangu alikaa kimya, kisha akasema: "Ndiyo maana mwaka juzi niliona nimeuza sana na sanduku liko tupu."

Hayo, ndugu msomaji, ndiyo masomo ya mwaka wa kwanza. Hakuna uchawi ndani yake. Mtu anaweza kujifunza hesabu hizo tatu kwa mchana mmoja, kama tulivyofanya sisi. Kwa hiyo shahada ikikupa hizo tu, ni ghali mno. Thamani yake lazima iwe zaidi ya hapo.

Mipaka inafungwa na kufunguliwa

Thamani kubwa zaidi, nionavyo mimi, ni kuwa na mtu anayeweza kusoma sera kabla sera haijamvunja. Tazameni yaliyotokea katika miaka ya karibuni.

Novemba 2018, baada ya wanunuzi binafsi kutoa bei ya chini, serikali ya Tanzania iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuisomba. Wakulima walishangilia bei, lakini baadhi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Swali la mchumi ni lile lile la baba kule Ulyankulu: bei ni nzuri, je, pesa inafika lini, na nani anabeba gharama ya kusubiri?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ilifungua tena, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Aliyekuwa na mahindi makavu na aliyejua mahali pa kupimia alipita. Mwingine alikaa mpakani na lori lake.

Mei 2023 faranga yetu ilishushwa thamani rasmi kutoka kiasi cha 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Kila mwenye deni la shilingi upande wa pili aliamka asubuhi deni limekua bila yeye kukopa hata senti. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na njia za biashara za kaskazini zikabadilika kwa siku moja. Na Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, mojawapo ikiwa ni kununua mazao shambani.

Hiyo ya mwisho inatugusa moja kwa moja. Wengi wetu tulizoea kuingia hadi kijijini Kasulu au Kibondo, kununua kwa mkulima mlangoni pake, na kuvusha. Kwa amri ile, Mrundi anayefanya hivyo anavunja sheria. Kuna watakaokimbilia njia za panya, na kuna watakaojificha nyuma ya jina la ndugu aliyebaki Ulyankulu na kupata uraia. Njia zote mbili zina mwisho mbaya, na ya pili inaweza kumtia matatani hata ndugu huyo. Lakini iko njia ya tatu: kununua kwa mfanyabiashara mwenye leseni au kwa chama cha ushirika, kwa mkataba wa maandishi, na kuvusha mzigo kwa utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu huo unamruhusu mtu mwenye bidhaa za ukanda huu zilizomo katika orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani bila kulipa ushuru wa forodha. Bado kuna ada nyingine na ukaguzi wa afya ya mimea, lakini ni nafuu kuliko rushwa na ni salama kuliko usiku wa porini.

Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na soko la pamoja lilianza kisheria Julai 2010. Hadi leo nakutana na wafanyabiashara wa miaka mingi ambao hawajawahi kujaza cheti hicho hata mara moja. Si kwamba ni wajinga. Hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza kwa lugha yao. Hapo ndipo ninapomwona mchumi wa kilimo mwenye kazi ya kufanya, hata kama serikali haijamwajiri.

Sasa tuhesabu shahada yenyewe

Mtu anayefundishwa kuhesabu faida ya mahindi lazima pia ahesabu faida ya kisomo chake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ada, chakula, chumba na nauli ni shilingi milioni 3.5 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni milioni 10.5. Lakini kuna gharama ambayo wazazi huisahau: kijana akiwa chuoni hafanyi kazi. Kama angemsaidia mama yake na kuingiza 150,000 kwa mwezi, miaka mitatu hiyo amepoteza milioni 5.4. Jumla ni milioni 15.9.

Akimaliza na kupata kazi ya 450,000 kwa mwezi, tofauti na alichokuwa akipata ni 300,000, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Gharama inarudi baada ya miaka minne na miezi mitano hivi. Si mbaya kwa mtu atakayefanya kazi miaka 30. Lakini akikaa nyumbani miaka miwili akitembeza barua za maombi bila kuingiza chochote, gharama inapanda hadi milioni 19.5, na atahitaji zaidi ya miaka mitano ya kazi, juu ya ile miwili ya kukaa, ndipo arudi alipoanzia.

Kwa hiyo swali si kama shahada inalipa. Swali ni mambo gani yanafupisha ile miaka miwili ya kutembeza barua. Mimi nayaona matano.

La kwanza, chuo na kozi vitambuliwe. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, na nchi nyingine za Jumuiya zina vyombo vyao. Msilipe senti kabla ya kuthibitisha kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imesajiliwa. Nasema hivi kwa uchungu. Niliporejea mwaka 2009 na vyeti vyangu vya Tanzania, ofisi moja ilivikalia miezi 14 kabla ya kusema vinalingana na nini hapa. Miezi 14 hiyo nilibeba matofali. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kwamba ukanda huu ni eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti vivuke mipaka kwa urahisi. Ni hatua nzuri, lakini tangazo halipigi muhuri. Ulizeni mapema, pokeeni jibu kwa maandishi.

La pili, ada. Ulizeni kama chuo kinamtoza raia wa Burundi ada ya mzawa wa Afrika Mashariki au ada ya mgeni. Tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko nauli ya miaka yote mitatu. Na mkumbuke kwamba pesa yenu iko katika faranga na ada iko katika shilingi. Kilichotokea Mei 2023 kinaweza kutokea tena kijana akiwa mwaka wa pili.

La tatu, lugha. Sisi tuliosoma uhamishoni tulirudi na Kiswahili na Kiingereza, tukakuta Kifaransa kimekaa mlangoni. Wengi wetu tulishushwa madarasa, tukakaa dawati moja na watoto wadogo. Watoto wetu waliosoma hapa wana shida hiyohiyo kwa upande wa pili: wanakwenda Morogoro au Njoro na Kifaransa chao, wanakuta takwimu zinafundishwa kwa Kiingereza. Kijana mwenye akili anaweza kuanguka mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Miezi sita ya Kiingereza kabla ya chuo ni nafuu kuliko mwaka wa kurudia. Lakini akivuka hapo, atakuwa na Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na mwajiri wa mpakani anayehitaji mtu wa namna hiyo hapati wengi.

La nne, hesabu. Kijana anayekimbia hesabu asidanganywe kwamba hii ni kozi rahisi kwa kuwa ina neno kilimo. Pasipo takwimu, mhitimu anabaki na maneno matupu juu ya umuhimu wa mkulima, na maneno hayo tunayo tayari.

La tano, na kwangu ndilo kubwa, mafunzo kwa vitendo. Mwulize mtu aliyemaliza chuo hicho: ulikwenda wapi kwa mazoezi, na ulifanya nini huko? Kama alichemsha chai ofisini wiki nane, hilo ni jibu. Kama alikaa ghalani ambako stakabadhi za mazao zinatolewa, au katika benki akapitia maombi ya mikopo ya wakulima, au katika chama cha ushirika akasaidia kufunga hesabu za msimu, hilo nalo ni jibu. Tanzania ina sheria ya stakabadhi za ghalani tangu mwaka 2005. Mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa karatasi, na karatasi hiyo inaweza kumsaidia kupata mkopo huku akisubiri bei. Burundi tunahitaji watu waliouona mfumo huo kwa macho, na uzuri wake na matatizo yake.

Na asiyeweza shahada?

Niseme pia kwamba shahada si mlango pekee. Stashahada ya miaka miwili katika vyuo vya kilimo inagharimu kidogo zaidi, na kijana anaanza kazi mapema. Aliye makini anaweza kuendelea baadaye kwa pesa yake mwenyewe. Wazazi wetu waliorejea huona aibu ya stashahada, kana kwamba mtoto amepewa nusu. Kwa hesabu niliyofanya hapo juu, wakati mwingine nusu hiyo ndiyo inayoleta faida mapema.

Tena tusisahau kwamba nchini mwetu zaidi ya watu wanane katika kila kumi wanaishi kwa kilimo, na ardhi haiongezeki. Sisi tuliorejea tunalijua hilo kuliko wengine, maana tumeketi mbele ya kamati za ardhi, na wengine wetu tumegawana kiwanja kimoja na waliokuwepo hadi mgomba wa mwisho. Mtoto wa familia kama hiyo hawezi kutegemea kwamba atalima eneo kubwa kuliko babu yake. Njia iliyobaki ni kupata zaidi katika kilo ileile: ikaushwe, ipimwe, ihifadhiwe, iuzwe kwa wakati wake na kwa mtu anayelipa. Hiyo ni sababu ya kutaka kisomo hiki kiwepo katika kila tarafa. Si sababu ya kuuza shamba ili kukipata.

Shamba na daftari

Hilo ndilo nililomwambia dada yangu. Nilisema: kisomo kinaweza kulipa, lakini msikinunue kwa kitu ambacho hakirudi. Baba alikaa uhamishoni miaka 37 akilitaja shamba hili. Kijana akifaulu au akianguka, awe na mahali pa kurudi. Mzee mmoja akasema: "Mwalimu, unasema tusome lakini tusilipe." Nikasema hapana, tulipe kwa biashara, mwaka kwa mwaka, na kwanza tumjaribu kijana.

Jaribio lilikuwa dogo. Aahirishe mwaka mmoja, asome Kiingereza, na aandike katika daftari kila mzigo wa mama yake: ulinunuliwa wapi, kwa bei gani, umepima kilo ngapi ulipofika, ushuru, nauli, umeuzwa lini, kwa faranga ngapi, na faranga hizo siku hiyo zilinunua shilingi ngapi. Mnunuzi wa Jumanne aliambiwa asije. Hakufurahi, na mume wa dada yangu hakufurahi pia; bado ananiona nimemchelewesha mtoto wake.

Wiki iliyopita kijana alikuja kwangu na daftari la wiki tatu. Amegundua kwamba maharage ya njano, ambayo mama yake anayapenda kwa sababu yanauzika haraka, yanamletea hasara kila faranga inaposhuka kati ya siku ya kununua na siku ya kukusanya madeni. Mahindi, anayoyaona kuwa biashara ya maskini, ndiyo yanayolisha nyumba. Nilimuuliza amemwambia mama yake. Akasema: "Mjomba, nimemwambia. Amesema nikahesabu tena."

Amehesabu tena. Jibu ni lile lile, na dada yangu ameanza kudai madeni yake ya maharage.

*Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari, Makamba. Alisoma Ulyankulu, Tabora, na kurejea Burundi mwaka 2009.*